Majirani wa Karanga

Nachingwea ni mji uliozaliwa na karanga. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa mmoja wa kampuni ya United Africa Company, aliishawishi serikali ya Uingereza kwamba Tanganyika inaweza kuwapatia Waingereza mafuta ya kula, ambayo yaliadimika kwao baada ya Vita Kuu ya Pili. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, akatumwa kuja kukagua. Akarudi na hesabu ya ekari 3,210,000 za karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, na fungu kubwa kuliko yote lilikuwa huku kwetu kusini. Kazi ikaanzia Kongwa mwaka 1947. Kusini ikajengwa bandari ya Mtwara, ikatandikwa reli kutoka pwani hadi Nachingwea, na pori likaanza kuangushwa. Januari 1951 Uingereza ikatangaza kuuvunja mpango, na pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu vya hesabu. Katika miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Ukabaki mji, zikabaki namba za mashamba. Shamba namba 17, ambalo kila mtu analijua kwa jina la Farm 17, likawa kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, na Samora Machel akawafundishia hapo wapiganaji wake.

Baba yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa vijana walioajiriwa na mpango ule. Alitusimulia jinsi mnyororo mnene wa nanga ya meli ulivyofungwa kati ya matrekta mawili na kuburutwa, na kila kilichosimama katikati kikalala. Miti aliitaja kwa majina: mninga, mpingo, myombo. Mimea midogo iliyokuwa chini ya miti hiyo hakuitaja, wala sijapata kumsikia mtu yeyote akisema kuwa iliangaliwa kabla mnyororo haujapita.

Karanga yenyewe kwao si hapa. Wataalamu wameifuatilia hadi kusini mwa Bolivia na kaskazini mwa Argentina, ambako mimea miwili ya porini, Arachis duranensis na Arachis ipaensis, ilichanganya damu na kuzaa hii tunayoichemsha na kuisaga. Kwa namna yake nchi ile inafanana na huku kwetu: mvua za msimu mmoja, kisha kiangazi kirefu kinachokausha kila kitu. Kwenye nyika na mabonde yake, kuelekea Paraguay, huota kaktasi ndogo za jamii ya Frailea na Gymnocalycium. Ukipanda milimani unakuta jamii ya Rebutia. Hao ndio majirani wa karanga. Karanga ilishafika kwetu zamani, ikalimwa na bibi zetu kwa jembe la mkono muda mrefu kabla ya Wakefield, kisha ikaletewa matrekta na meli. Majirani zake wamefika juzi tu, kwenye bahasha za karatasi, bila matarumbeta. Ninaandika historia yao kwa sababu wengi walioiandika waliitazama kutoka bustani za Ulaya, na mimi ninaitazama kutoka chini ya mkorosho.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nilizaliwa upande wa Ruangwa, katika nchi ya mto Mbwemkuru, ule unaoingia Bahari ya Hindi kati ya Kilwa na Lindi. Kazi yangu yote ilikuwa ya korosho, ufuta na mbaazi. Kaktasi ya kwanza iliyoota mkononi mwangu ilitokana na mbegu alizoniletea mpwa wangu, anayefanya kazi Dar es Salaam. Alisema, "Mjomba, wewe hushindwi na mbegu." Tangu hapo sijaacha. Sasa nyuma ya nyumba nina ubao mrefu uliojaa makopo, na kila kopo lina kibao chenye jina la mmea na mwaka ulioota.

Watu wakipita huuliza. "Shikamoo, mzee. Hii ni dawa ya nini?" Nawajibu kuwa ni maua tu. Hawaridhiki, na nawaelewa. Huku kwetu mmea wa aina hii ukiuona karibu na nyumba huwa una kazi yake. Mnyaa ni wa mpaka. Mpungate ni uzio, na watoto hula matunda yake. Shubiri ni dawa ya tumbo, na kuku wakianza kusinzia hukatiwa ikatiwa kwenye maji yao. Mmea mdogo wenye miiba, usiotibu wala kuzuia mbuzi, lazima utafutiwe sababu. Sababu yangu ni ndefu kidogo, nayo inaanzia Tanga.

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Huyu alijua Kiswahili vizuri kiasi kwamba mwaka 1890 alikwishachapisha Berlin kitabu cha kufundishia lugha yetu. Katika matembezi yake alikuta kwenye mawe yenye kivuli, karibu na Tanga na pia juu Usambara, mmea mfupi wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Mmea ule ukafika kwa baba yake Ujerumani, na baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen, Hannover. Mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Mbegu zikaenda Erfurt, kwa mfanyabiashara Ernst Benary, na kutoka Erfurt zikasambaa duniani.

Erfurt ni mji wa kuutaja mara mbili. Hapohapo, tangu 1822, familia ya Haage ilikuwa ikiuza kaktasi, na kitalu chao ndicho kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote duniani kwa mimea hiyo. Kwa hiyo ua la Usambara na kaktasi za Amerika zilikutana kwenye mji mmoja wa wakulima wa mbegu. Mwishoni mwa miaka ya 1920 wakulima wa maua wa Los Angeles, Armacost & Royston, walipata mbegu za Saintpaulia kutoka Ujerumani na Uingereza, wakaotesha miche ipatayo 1,000, wakachagua na kuchagua tena hadi wakabaki na aina 10. Nyingi ya zile zinazokaa kwenye madirisha ya Marekani na Ulaya zimetokana na uchaguzi ule. Mwaka 1946, wakati Wakefield anapima ardhi yetu kwa ajili ya karanga, wapenzi wa ua hilo walikuwa wanaunda chama chao cha Marekani. Tanga ilitoa mbegu, nayo haikupungukiwa na mmea kwa sababu hiyo. Misitu ya Usambara imepungua kwa shoka na moto, na hilo ndilo linaloiweka Saintpaulia ya porini hatarini leo.

Sasa twende Berlin. Mwaka 1895 mtaalamu wa mimea aitwaye Karl Schumann aliipa jina jamii ya Rebutia, kwa heshima ya Pierre Rebut, Mfaransa aliyekuwa akikuza na kuuza kaktasi. Mwaka huohuo Adolf Engler alitoa kitabu chake kikubwa juu ya mimea ya Afrika Mashariki, na Schumann alikuwa mmoja wa waandishi waliomsaidia. Meza moja, basi, ilipokea miiba ya milima ya Argentina na majani ya Lindi. Miaka michache baadaye, kati ya 1900 na 1903, Walter Busse alizunguka nchi hii akikusanya mimea, na safari yake moja ilipita huku kusini. Mtupa mmoja wa Tanzania, mti mnene wenye matawi ya kona kali, huitwa Euphorbia bussei kwa jina lake. Kati ya 1930 na 1935 akaja Hans-Joachim Schlieben, aliyefanya kazi Mahenge, Uluguru, kisha Lindi, kwenye ziwa Lutamba na uwanda wa Rondo.

Walikusanya kwa mamia na maelfu, wakakausha, wakafunga, wakasafirisha. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 ndege za Uingereza zilipiga Berlin, na jumba la mimea mikavu la Dahlem likaungua. Sehemu kubwa ya mimea ya kwanza iliyochumwa katika ardhi yetu ikawa majivu huko. Zilinusurika nakala zilizokuwa zimegawiwa kwingine, na zile za Amani, Usambara, ambazo baadaye zilihamishiwa Nairobi. Mmea mkavu ukiungua umekwisha. Mbegu iliyooteshwa Erfurt na Los Angeles na kwenye madirisha ya watu haiungui yote kwa siku moja.

Lindi ina mfano mwingine wa vitu vilivyoondoka, nao hauna mbegu. Tendaguru iko upande wa kusini wa Mbwemkuru. Mwaka 1906 mhandisi Bernhard Wilhelm Sattler alioneshwa pale mifupa mikubwa iliyojitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck, walichimba mifupa ya madinosaria kwa ajili ya jumba la makumbusho la Berlin. Nchi ilikuwa bado haijapona Vita vya Maji Maji. Vijiji vilikuwa vimechomwa na njaa ilikuwa imeua wengi. Wachimbaji mamia, watu wa huku, walitoa ardhini zaidi ya tani 200, na wapagazi wakazibeba kichwani siku nne hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Mifupa ile imesimama Berlin hadi leo, na dinosaria aliye mrefu kuliko wenzake ana zaidi ya mita 13. Kwenye shimo hakikubaki cha kuota.

Jina la Boheti lilisubiri hadi 2007, Kristian Remes alipomwita mnyama mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii. Hilo lilinifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza, kwa sababu ya kaktasi zangu. Jamii ya Frailea ilipewa jina mwaka 1922 na Wamarekani wawili, Nathaniel Britton na Joseph Rose. Hawakumchagua mfalme wala gavana. Walimchagua Manuel Fraile, Mhispania aliyekuwa akitunza kaktasi za wizara ya kilimo kule Washington, mtu wa kumwagilia na kuhamisha miche. Ninaposoma kibao cha Frailea nasoma jina la mwenzangu wa kazi.

Si historia yote ya kaktasi iliyo njema hivyo. Kwa zaidi ya karne moja biashara yake ilikuwa ya kung'oa. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1840 mwana wa kifalme wa Urusi, Kotschoubey, alilipa faranga 1,000 kwa mmea mmoja wa Ariocarpus kutoka Mexico, mmea usiozidi upana wa vidole vitatu. Bei kama hiyo humwamsha kila mwenye jembe. Magunia kwa magunia yaling'olewa milimani, yakasafirishwa kwa meli, na mimea mingi ikafa njiani au katika majira ya kwanza ya baridi ya Ulaya. Mkonge wetu nao ulifika kwa hasara ya namna hiyo: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, na vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62.

Kilichoibadili biashara ya kaktasi ni mbegu. Mwaka 1923 Mcheki Alberto Vojtěch Frič aliikuta tena Mexico Astrophytum asterias, kaktasi bapa isiyo na mwiba hata mmoja, iliyoelezwa na wataalamu mwaka 1845 kisha ikapotea machoni mwao. Iling'olewa, ndiyo, ikauzwa. Lakini iliyofika Ulaya ilizaa, mbegu zake zikagawanywa, na sasa ni moja kati ya kaktasi zinazopatikana kirahisi kwa wanaootesha. Porini kwao iko chini ya ulinzi wa juu kabisa wa CITES, mkataba uliotiwa saini Washington mwaka 1973 kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Karibu ukoo wote wa kaktasi umo kwenye orodha zake, na shubiri nyingi za Afrika, na pia jamaa za mnyaa wenye maji mengi mwilini. Mtu anayekuletea kaktasi kubwa yenye makovu na mizizi iliyokatwa, muulize imetoka wapi. Anayekuletea mbegu pamoja na kibali cha kuziingiza nchini, mkaribishe.

Tusisahau kuwa ukoo huu wa Amerika una ndugu mmoja mwenyeji wa kwetu. Rhipsalis baccifera hana miiba. Ananing'inia kama nyuzi za kijani kwenye miti ya misitu ya Usambara, ana maua madogo meupe na tunda jeupe lenye ute unaonata. Wataalamu wengi huamini kuwa ndege ndio waliomvusha bahari zamani sana. Yeye ndiye kaktasi pekee mwenye asili ya Afrika. Wengine wote unaowaona huku asili yao ni Amerika, na wale wanaofanana nao porini, wenye miiba na kona, ni jamii ya mnyaa. Kuwatofautisha si kazi. Chunguza mahali mwiba unapotokea: kwenye kaktasi utakuta kituo kidogo cha manyoya, na miiba hutokea humo ikiwa imefungamana. Jamii ya mnyaa haina kituo hicho, na ukiikwaruza hutoa maziwa yanayochoma jicho. Kaktasi hutoa maji maangavu, isipokuwa baadhi ya Mammillaria, ambazo nazo zina maziwa yasiyo na ukali huo.

Sasa niseme jinsi zinavyooteshwa hapa Nachingwea, maana vitabu vya wenzetu vinazungumzia nyumba za vioo na theluji, na mtu wa huku akivisoma atakata tamaa bure.

Wakati wangu ni Septemba, joto linapoanza kupanda na mvua bado. Mchanga nautoa kwenye vijito vilivyokauka vinavyoelekea Mbwemkuru, ule mnene wa chini, si ule wa juu uliochanganyika na tope. Nauchekecha, nauosha, nauchanganya na chenga za matofali ya kuchoma na mboji kidogo sana. Kisha nautia kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa na kuupika kwa mvuke hadi uwe moto hadi katikati. Bila hivyo kinyausi huingia, na mwenye kitalu cha nyanya anajua kinyausi ni nini: jioni miche imesimama, asubuhi imelala, shingo zimeoza. Mche wa kaktasi ni mdogo mno kiasi kwamba kinyausi hukimaliza kikopo kizima kabla hujala chakula cha mchana.

Mbegu haifukiwi. Huwekwa juu ya mchanga na kushikizwa kwa changarawe nyembamba, kwa sababu inataka mwanga. Kikopo kilichotobolewa chini nakisimamisha kwenye sinia lenye maji yaliyochemshwa yakapoa, maji yapande yenyewe hadi mchanga wa juu ubadilike rangi. Kisha natia kila kitu kwenye mfuko wa nailoni mweupe, nafunga, naweka kivulini mahali pa mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Gymnocalycium huchukua wiki moja hadi mbili. Frailea, kama mbegu ni ya mwaka huohuo, huanza mapema zaidi. Ikikaa sana hupoteza uhai, ndiyo maana mbegu zake hazifai kununuliwa kwa mtu asiyejua zilivunwa lini.

Mche wa Frailea ukichomoza ni kitone cha kijani kisichofika milimita mbili. Juu yake kuna vinundu viwili, navyo ndiyo majani yake ya kwanza na ya mwisho. Nautazama kwa lenzi ileile niliyokuwa nikitazamia majani ya mkorosho. Baada ya wiki kadhaa, katikati ya vinundu, hutokea shungi la miiba myeupe laini isiyochoma, kisha shungi la pili pembeni, na kile kitone huanza kuwa na umbo. Mfuko haufunguliwi hadi miche ijazane na kusukumana. Hapo huzoeshwa hewa polepole, kama tunavyofanya kwa miche yoyote ya kitalu kabla ya kuipeleka shambani.

Rebutia za milimani hazipendi usiku wetu. Zinataka baridi kali ya kupumzikia ndipo zitoe maua, na Nachingwea baridi hiyo haipo hata mwezi wa Julai. Nazikuza kwa ajili ya heshima ya karanga, zinakaa kijani, na Njombe au Lushoto zingefanya vizuri kuliko hapa. Gymnocalycium na Frailea, watu wa nyika, wametulia. Ua la Frailea ni la manjano, hufunguka saa sita hadi saa nane mchana jua likiwa kali, na mara nyingi halifunguki kabisa: mmea hujichavusha ndani ya chipukizi lililofungwa na kutunga mbegu. Ukipitwa na ua unakuta tunda. Mama watoto hunilaumu kwa kuacha chakula kipoe saa hizo za mchana, na ana haki.

Adui wa kiangazi ni utitiri mwekundu, unaokwaruza ngozi ya mmea hadi ipate kovu la kutu. Dawa yake nilikuwa nayo nyumbani siku zote. Mwaka 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, kisha mavuno yakaporomoka mwaka hadi mwaka, na sababu mojawapo ilikuwa ubwiri unga, ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Watafiti wa Naliendele, kituo ambacho mizizi yake iko kwenye utafiti wa kilimo ulioanzia Nachingwea enzi za mpango wa karanga, walitufundisha kupuliza salfa. Tumepuliza salfa maisha yetu yote. Hiyohiyo, ikikung'utwa kidogo sana jioni, huuondoa utitiri kwenye kaktasi. Kwa hiyo mmea wa Paraguay unaponea kwenye dawa ya mti wa Brazili, chini ya mti wenyewe, katika mji wa karanga ya Bolivia. Mihogo na mahindi jikoni nayo yalitoka Amerika hiyohiyo. Sioni kwa nini maua madogo ya huko yaitwe ya kigeni hapa.

Ninalolijali zaidi ni la upande wa pili. Kwenye majabali ya kusini huku kuna shubiri, kuna mimea midogo ya jamii ya mnyaa yenye viazi chini ya ardhi, kuna mikonge pori yenye majani ya madoadoa, kuna vile vimea vya mawe vyenye ua la nyota linalonuka nyama ili kuwaita nzi. Peter Bally, Mswisi aliyefanya kazi kwenye makumbusho ya Nairobi, alitoa mwaka 1961 kitabu kizima juu ya jamii ya Monadenium, jamaa hao wa mnyaa ambao wengi wao ni wa Tanzania. Kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki kilichoanza kutolewa mwaka 1952 kilikamilika 2012, miaka 60 ya kazi. Majina mengi, basi, yapo. Mimea yenyewe inasukumwa: mashamba ya ufuta yanapanda vilimani, kokoto zinapasuliwa kwenye majabali yaleyale, na Ruangwa kuna miradi ya kuchimba madini ya kinywe. Sipingi ufuta wala mgodi. Wajukuu zangu watakula humo. Nasema tu kwamba kabla jabali halijapasuliwa, mbegu zilizo juu yake zinaweza kuchumwa asubuhi moja, na mnyororo wa mwaka 1949 haukutoa nafasi hiyo.

Namna ya kuchuma ni hii. Using'oe mmea. Vitumba vya mbegu vikianza kukauka, vifunge kwa kitambaa chepesi visije vikapasuka na kumwagika. Chukua sehemu, acha zilizo nyingi hapohapo. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi, si nailoni, na uandike kijiji, mwezi, aina ya jiwe na rangi ya ua. Kama ni hifadhi ya msitu, omba kibali. Kama ni ardhi ya kijiji, mwambie mwenyekiti. Nchi yetu ina kituo cha taifa cha nasaba za mimea Arusha, na sehemu ya mbegu inafaa ifike huko.

Sehemu nyingine ileteni kwangu Nachingwea, enyi vijana wa Ruangwa, Nachingwea, Liwale na Masasi. Atakayeleta bahasha ya mbegu za mmea wa jabali la kwao, nitampa kikopo cha Frailea zilizoota hapahapa, nitamfundisha kuziotesha, na kibao cha mche utakaotoka kwenye mbegu zake kitaandikwa jina lake.